Taji la Majilio na Zamu Nne za Usiku

Somo: Marko 13:33–37





Majilio yamekaribia. Jumapili ya kwanza ya Majilio huwa kila mwaka kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na siku hiyo Kanisa huanza mwaka wake mpya. Altare itavikwa zambarau, na Gloria haitaimbwa mpaka usiku wa Noeli. Ni majira ya kungoja.

Lakini padre akipita nyumbani kwa watu katika siku hizi husikia maneno ya namna nyingine. Baba anasema, "Padre, sikukuu ya mwaka huu imenikuta vibaya." Mama anasema watoto wameona nyumba ya jirani imepambwa, nao wanauliza mbona kwetu hakuna kitu. Vuli ikichelewa, mahindi bado ni machanga shambani, ghala ni tupu, na sare na madaftari ya Januari yanangoja mlangoni. Mjini yako mashada ya plastiki yenye theluji ya bandia, theluji ambayo sisi hatujapata kuiona isipokuwa kwa mbali, juu ya Kilimanjaro. Mtu hukopa ili anunue. Na wapo Wakristo wenzetu, nasema haya kwa huzuni, ambao hawaji Misa ya Noeli kwa sababu watoto wao hawakupata nguo mpya. Aibu imewafungia nje ya nyumba ya Bwana aliyezaliwa zizini.

Kwa hiyo mwaka huu nataka tuongee juu ya pambo moja ambalo karibu halina gharama, nalo ni taji la Majilio: mduara wa majani mabichi wenye mishumaa minne, ambao huwashwa mmoja baada ya mwingine, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka Noeli. Nitaeleza lilikotoka, namna ya kulitengeneza kwa vitu vya kwetu, na hasa kazi ya kufanya mbele yake. Maana taji hili halidai fedha. Linadai kukesha.

LILITOKA WAPI

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha." Ni kweli kwamba lilianza Ulaya, lakini halikuanza kwa wenye fedha. Katika mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani, alikuwako mchungaji wa Kilutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern. Mwaka 1833 alifungua nyumba ya kulelea watoto maskini waliokosa malezi, iliyoitwa Rauhes Haus. Watoto wale, kama watoto wote, kila siku walimwuliza, "Je, Noeli ni leo?" Basi mwaka 1839 Wichern alitwaa gurudumu la mkokoteni, akaweka juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa myeupe minne kwa Jumapili. Kila siku mmoja uliwashwa, na watoto wakajihesabia wenyewe siku zilizosalia. Majani mabichi yaliongezwa baadaye, na desturi ikaenea makanisani na majumbani.

Mwezi wa Desemba huko Hamburg jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Miti mingi imepukutika. Mtu akiweka tawi bichi na mshumaa mezani, anasema kwa vitendo kwamba uhai haukufa na giza halitashinda.

Kwetu Desemba si hivyo. Mchana wetu haupungui. Jua liko juu ya utosi, na wakulima wako shambani. Basi tusiige baridi ya watu wengine. Tujiulize: giza letu ni lipi? Kipi kwetu hubaki kibichi wakati vingine vyote vimekauka? Nami nafikiri kila mtu aliyewahi kusafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni katika kiangazi analo jibu. Nyasi zimekuwa rangi ya mkate, mibuyu imebaki uchi, vumbi limefunika vichaka. Lakini penye mpaka wa shamba la mtu pamesimama mkonge, kijani vile vile.

MKONGE WETU

Mkonge nao ulikuwa mgeni. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia bandari ya Hamburg, mji ule ule wa Wichern, na safari ikaiua karibu yote. Miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 ulienea mkonge mwingi wa nchi hii. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Kisha bei ikaanguka na kamba za plastiki zikaingia sokoni, na mashamba mengi yakarudi kuwa msitu. Hata hivyo mkonge haujaondoka kwetu.

Tusisahau jasho lililomo ndani yake. Wakati wa ukoloni vibarua waliletwa hapa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya watu hao, nayo ikaitwa SILABU. Watu waliwaita manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko kwa majina yao. Kazi yao ilihesabiwa katika kipande, siku thelathini kwa kipande kimoja, na nyumbani kwao wake na wazazi walingoja miaka. Wengine walirudi. Wengine wamelala katika makaburi ya huku, na wajukuu wao ni Wakristo wa parishi hii. Kwa hiyo mkonge kwetu si jani tu. Ni kumbukumbu ya watu waliongoja na ya watu waliongojewa.

Liko jambo jingine la mkonge ambalo wataalamu wa mimea hutufundisha. Mimea iliyo mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana, ipate kuvuta hewa inayoihitaji kwa chakula chake. Lakini vitundu vikiwa wazi, maji nayo hutoka kama mvuke, na jua likiwa kali mmea hunyauka. Mkonge hufanya kinyume. Mchana hufunga vitundu vyake. Usiku, hewa ikipoa, huvifungua, huvuta hewa na kuiweka akiba. Na kukipambazuka huitumia akiba ile kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Ndiyo sababu kiangazi hakiuui. Sisi tukilala, mkonge uko macho.

Nilipofahamu jambo hili nililikumbuka somo letu la Marko. Bwana anasimulia habari za mwenye nyumba aliyesafiri, akawaachia watumwa wake kazi, kila mtu na yake, akamwagiza bawabu akeshe. Hawajui atarudi saa ngapi. Kisha anazitaja zamu za usiku: jioni, usiku wa manane, wakati wa kuwika jogoo, na asubuhi. Zamu ni nne. Na mishumaa yetu ni minne.

JE, SI SHADA LA KABURINI?

Kabla ya kueleza utengenezaji, nijibu swali moja, maana wazee wameliuliza na ni swali la haki. Kwetu shada la majani na maua tumelizoea makaburini. Je, ni vema kuliingiza nyumbani, mezani, mbele ya watoto?

Namjibu mzee wangu hivi. Mduara wa majani tulikuwa nao kabla ya mashada ya makaburini. Mama akienda mtoni hukata majani ya mgomba au huchukua kitambaa, hukiviringisha mara mbili tatu, akakiweka kichwani, na juu yake akapandisha ndoo. Ni ngata, na wengine huiita kata. Hakuna aliyeinunua dukani. Ngata haina uzuri wa kutazamwa, lakini bila hiyo mzigo huumiza na maji humwagika. Basi ukiliona taji la Majilio, usikumbuke kaburi, kumbuka ngata. Bikira Mariamu alibeba mimba yake kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu, safari ya siku nyingi. Majilio ni majira ya kubeba kwa uangalifu kitu ambacho hakijafika bado.

Na kama bado unaliona kaburi ndani yake, si vibaya kabisa. Tunayemngoja amekwisha kuingia kaburini, naye akatoka.

NAMNA YA KULITENGENEZA

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: fito moja inayopindika, ya mkole au ya mti mwingine laini, majani mawili au matatu ya mkonge, majani mabichi, makopo manne madogo, mchanga, sinia au ungo wa bati, na mishumaa minne.

Kwanza, nyuzi. Kata majani ya chini ya mkonge, yale yaliyokomaa. Kabla ya jambo lo lote ondoa mwiba wa nchani, na watoto wakae mbali mpaka umekwisha kuondolewa. Liweke jani juu ya gogo, ulipondeponde kwa mti, kisha ukwangue nyama yake kwa mgongo wa panga au kisu butu mpaka nyuzi zibaki. Maji yake huwasha ngozi, kwa hiyo usijipanguse usoni, na ukimaliza nawa mikono. Osha nyuzi, uzianike juani. Jani moja lina nyuzi kama 1,000, ingawa katika kila kilo 100 za majani katani haizidi sana kilo 4. Zikikauka, zisokote juu ya paja ziwe kamba nyembamba.

Hapa niseme neno. Chukua mkonge wa mpaka wa shamba lako, au umwombe jirani. Usiingie shamba la kampuni usiku na kukata. Taji la wizi halimkaribishi Bwana. Wala tusiangushe miti michanga ya msitu wa hifadhi kwa ajili ya pambo la majuma manne.

Pili, mduara. Pinda fito uifanye mviringo wa shubiri mbili toka upande hadi upande, uifunge kwa kamba ya mkonge mahali miisho inapokutana, kisha uzungushe kamba pande zote ili majani yapate mahali pa kushika. Kwa kanisa au kigango tumieni ringi ya baiskeli iliyochakaa. Wichern alianza na gurudumu la mkokoteni. Sisi tutaanza na la baiskeli.

Tatu, majani. Ya mwembe yanafaa sana, na ya mchungwa, na mvinje ukiwa karibu. Msitumie mnyaa, maana utomvu wake ni hatari kwa macho. Katika joto letu majani hunyauka kwa siku chache, nayo yabadilishwe kila Jumamosi jioni. Wapeni watoto kazi hiyo. Ule mti wa maua mekundu ambao wengi huuita mkrismasi utakuwa umechanua, lakini maua yake yawekeni akiba mpaka Noeli yenyewe. Kungoja ni pamoja na kujinyima kidogo.

Nne, mishumaa. Rangi za desturi ni zambarau mitatu na waridi mmoja, huo wa waridi ukiwa wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya Furaha. Zisipopatikana, mishumaa myeupe ya dukani inatosha. Funga utepe wa kitambaa cha zambarau kwenye kopo, si kwenye mshumaa. Jaza makopo mchanga, simamisha mishumaa ndani yake, uyapange makopo juu ya sinia, na taji liyazunguke kwa nje. Msifunge mshumaa kwenye majani. Katani kavu hushika moto upesi, na nyumba zetu nyingi zina makuti au nyasi. Wekeni kikombe cha maji karibu, mtu mzima awepo muda wote, na mzime kabla ya kwenda kulala.

Tufanye hesabu ili mtu asiogope gharama. Mshumaa wa kwanza utawashwa Jumapili zote nne, wa pili tatu, wa tatu mbili, wa nne moja. Jumla ni mara kumi. Mkiuwasha kwa robo saa kila mara, mshumaa wa kwanza utakuwa umewaka saa moja tu, na yote minne pamoja saa mbili na nusu. Vitakavyobaki vitawafaa siku umeme ukikatika. Na nyumba isiyoweza kupata hata mishumaa minne, iwashe kibatari kimoja katikati, na kila Jumapili mtoto aongeze ua moja juu ya taji. Mungu hahesabu mishumaa.

Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulifundishwa neno kujitegemea. Tulitumie na katika sikukuu zetu. Pambo ambalo baba amekwangua nyuzi zake, mama amelifunga na watoto wamelitilia majani ni bora kuliko lile la mkopo.

ZAMU NNE

Makanisa mengine huita mishumaa hii tumaini, amani, furaha na upendo. Mengine huwakumbuka mababu, manabii, Yohana Mbatizaji na Bikira Mariamu. Yote ni mema. Mwaka huu mimi nawaomba tuifuate mishumaa yetu kwa zamu nne za usiku alizozitaja Bwana.

Jumapili ya kwanza ni zamu ya jioni. Jioni ndiyo saa ya kuhesabu: kuku wamerudi, mbuzi wamefungwa, watoto wameingia. Mkiwasha mshumaa wa kwanza, jihesabuni. Ni nani asiyekuwapo mezani? Pengine ni kijana aliyekwenda Dar es Salaam akakaa kimya. Pengine ni binti aliyeondoka kwa ugomvi. Pengine ni baba mwenyewe, ambaye jioni yake huimalizia kilabuni. Mtajeni kwa jina mbele za Mungu, bila maneno ya kumlaumu. Kisha katika juma hilo, mmoja wenu ampigie simu au ampelekee salamu. Manamba walitengwa na jamaa zao kwa nguvu ya fedha na ya serikali ya wageni. Wengi wetu leo tumetengwa na jamaa zetu kwa ulimi tu, na hilo tunaweza kulitengeneza.

Jumapili ya pili ni zamu ya usiku wa manane. Ni saa ambayo wengine hawalali, wala hawakuchagua kutolala. Mgonjwa anageuka kitandani. Mwuguzi amesimama wodini. Dereva wa lori anapita Segera akipambana na usingizi. Mlinzi ameketi nje ya duka. Mama amemshika mtoto mwenye homa, anasikiliza pumzi yake. Mkulima wa Handeni yuko macho, akisikiliza kama mvua itapiga bati. Waombeeni hao. Tena, katika juma hilo mtembeleeni mmoja wao, mkachukue kitu kidogo mikononi, japo chungwa. Mtu anayekesha kwa shida akitembelewa, usiku wake hufupika.

Jumapili ya tatu ni zamu ya jogoo. Kila Mkristo akisikia jogoo katika Injili humkumbuka Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu, kisha akatoka nje akalia. Mbona basi Kanisa limeiweka hapa Jumapili ya Furaha na mshumaa wa waridi? Kwa sababu jogoo huwika kungali giza. Hangoji kupambazuke ndipo atangaze asubuhi. Machozi ya Petro yalikuwa mwanzo wa kurudi kwake, ingawa yeye mwenyewe hakulijua hilo usiku ule. Furaha ya Mkristo haingoji mambo yote yanyoke. Basi katika juma la tatu tengenezeni. Mwenye deni aende kwa anayemdai, akaseme kweli yake, hata kama hana fedha mkononi. Waliogombania mpaka wa shamba waketi pamoja. Njooni kwa padre mwungame. Na yule niliyemtaja mwanzoni, anayeikimbia Misa kwa sababu ya nguo, majirani zake wa kanisani wamfuate nyumbani, wamwambie, "Tutakwenda pamoja, na tutavaa za kila siku." Wawili watatu wakivaa za kila siku usiku wa Noeli, aibu ile itakosa mahali pa kukaa.

Jumapili ya nne ni zamu ya asubuhi. Mishumaa yote minne sasa inawaka, na chumba kimeangaza. Asubuhi ni saa ya mlango kufunguliwa. Bikira Mariamu alifungua mlango wa moyo wake alipoitika neno la malaika, asijue litamgharimu nini. Sisi nasi tufungue wetu. Kila nyumba imchague mtu mmoja wa kula naye siku ya Noeli ambaye hawezi kuwaalika tena: mjane, mgeni wa mashambani asiye na ndugu, mwanafunzi aliyeshindwa nauli ya kurudi kwao. Chakula kikiwa kidogo, kigawanywe kidogo kidogo.

Katika wilaya zetu Wakristo na Waislamu tunaishi ua kwa ua, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Jirani yako Mwislamu akiuliza habari za mduara huu wa majani, mweleze kwa upole kwamba ni saa yetu ya kuhesabu majuma ya kumngoja Bwana. Wala usiwe na haraka ya kumshinda kwa maneno. Akiona katika majuma hayo manne mmepatana na jamaa zenu na mmemtembelea mgonjwa wake, amekwisha kuelezwa vya kutosha.

USIKU WA NOELI

Usiku wa Noeli, mkirudi kutoka Misa, simamisheni katikati mshumaa mmoja mweupe, ndio wa Kristo, na mzungushe taji kwa maua mekundu ya mkrismasi mliyoyangoja. Kisha mwekeni mtoto mmoja asimulie habari za Bethlehemu kwa maneno yake mwenyewe, hata akikosea.

Mzee mmojawapo wa nyumbani na awaeleze watoto jambo la mwisho la mkonge. Kwa miaka saba mpaka kumi na zaidi mkonge hutoa majani yake, 200 hadi 250, na kila mara hukatwa. Mwisho hutoa mti mrefu katikati, unaoonekana kwa mbali. Mti ule huchanua mara moja tu katika maisha yake, huzaa miche midogo mingi sana, na mmea wenyewe hufa. Miche huanguka kuuzunguka, na shamba linaanza upya. Mtoto huyu aliyelazwa horini amekuja kutoa uhai wake kwa namna hiyo. Ndivyo alivyosema mwenyewe habari za chembe ya ngano ifayo ardhini, katika Yohana sura ya 12.

Baada ya Epifania, lifungueni taji. Majani yarudi shambani yawe mbolea. Fito itumike kwa pilipili au nyanya. Kamba ya mkonge ikafunge mbuzi. Hakuna cha kutupa, na mwaka ujao mtatengeneza jingine.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, mwenye nyumba uliyesafiri nawe utarudi, umetupa kila mtu kazi yake. Utuamshe kila tusinziapo. Uwatazame wanaokesha usiku huu kwa maumivu, kwa kazi na kwa hofu. Uwarudishe nyumbani waliopotea, uwape mvua walio nyikani, uwaondolee aibu walio na haba. Utukute, jioni au usiku wa manane, jogoo awikapo au asubuhi, tukiwa macho, tumepatana, na mlango wetu uko wazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.